Kopo la Redio

Dodoma ya wakati ule, ukitaka kuijua nyumba yenye redio, hukuwa na haja ya kutega sikio. Uliangalia chini ya dirisha tu. Ukikuta fimbo ya shaba imepigwa ardhini, waya umetoka ukutani kupitia tundu dogo ukafungwa kwenye fimbo hiyo, na kopo tupu la maziwa linaning'inia kwenye msumari hapo hapo, basi humo ndani mlikuwa na redio, na redio hiyo ilikuwa imepita mikononi mwa Yoramu wa mtaa wa Kikuyu.

Shughuli yenyewe haikuwa na uchawi. Redio za siku hizo, zile kubwa za betri zenye taa ndani, zilitaka nyaya mbili: mmoja upande juu ya mti kunasa sauti, mwingine ushuke ardhini. Sasa ardhi ya Dodoma tangu mwezi wa sita mpaka mvua zianze ni kavu kama unga, na waya ukiufukia kwenye ukavu huo ni sawa na kuuacha mezani. Redio hukoroma, hupiga mluzi, kisha hunyamaza. Watu waliibeba kichwani mpaka kwa Yoramu, na yeye kabla hajashika bisibisi aliwauliza swali moja, "Mmeinywesha?" Wakisema hapana aliwarudisha. Wamwagie fimbo kopo moja la maji asubuhi, na kopo jingine lenye chumvi kidogo kabla ya taarifa ya habari. Redio nyingi zilipona kwa dawa hiyo, na wenyewe walimheshimu kama daktari.

Aliyemheshimu kidogo ni mkewe Raheli, kwa sababu maji ya Kikuyu yalitoka kwenye bomba moja, na foleni ya bomba hilo ilikuwa yake.

"Baba Seth," alikuwa akimwambia akitua ndoo, "redio yako inakunywa kuliko ng'ombe, na maziwa haitoi."

"Inatoa habari."

"Habari zenyewe za watu wa mbali. Hata hawatujui."

Tundu la ukutani Yoramu alilitoboa mwenyewe, chini karibu na msingi, na siku zote alilitoboa kwa mteremko, upande wa nje ukiwa chini kidogo kuliko wa ndani, ili mvua ikinyesha maji yasiufuate waya yakaingia sebuleni. Kisha alilizungushia kipande cha mpira wa baiskeli kuzuia panya na vumbi. Mafundi wengine hawakujali hayo. Yoramu alijali, na wale mtakaomcheka baadaye mkumbuke kwamba tundu lake halikupata kuingiza tone la maji ndani ya nyumba ya mtu yeyote.

Ufundi aliupata jeshini. Wakati wa vita vya Hitla alichukuliwa, akafundishwa simu za upepo, yaani redio za jeshi, huko Nairobi, akapelekwa Uhabeshi kwa lori, nchi kavu mwanzo mpaka mwisho, akitundika nyaya zake kwenye miiba. Huko kisigino kiliota donda lisilopona, wakamsafirisha mpaka hospitali moja ya Mombasa. Alilala pale wiki nyingi mguu umefungwa bendeji mpaka gotini, akiiona bahari dirishani. Alipopona wakampandisha treni, akarudi kwao. Kwa hiyo bahari aliiona sana, lakini hakutia mguu.

Ila kupitia dirisha lile aliona kitu kimoja ambacho hakikumtoka tena. Ilikuja yoti, chombo cha matanga cha starehe, nyeupe, ndefu, ina milingoti miwili, shaba zake zinang'aa mpaka zinaumiza macho. Juu ya sitaha alikaa mzungu mmoja mwenye suruali nyeupe akinywa chai, vita vikiendelea. Wagonjwa wengine walitazama chai. Yoramu alitazama waya wa redio uliotoka mlingoti wa mbele kwenda wa nyuma. Haukulegea hata kidogo. Umevutwa sawasawa, na kila mwisho una vikombe vyake vya kaure vya kuutenga waya na mlingoti, na waya wa kushuka umepita mahali pake bila kugusa kamba. Yeye aliyezoea kufunga nyaya kwenye miiba aliona kwamba kumbe duniani iko kazi iliyofanywa vizuri, na machozi yakamlenga. Muuguzi akadhani ni donda.

Tangu hapo akawa mtu wa yoti. Dodoma si mahali pa mapenzi ya namna hiyo, lakini riziki ilipatikana. Mwanahawa, mama wa karanga wa stesheni, alikuwa akipewa magazeti ya zamani na mpishi wa klabu ya wazungu, akiyachana kufungia karanga. Yoramu alikuwa mteja wake kila alasiri.

"Nipimie za meli," alimwambia.

Mwanahawa alimtafutia karatasi yenye picha ya yoti, akaikunja vizuri ili mkunjo usipite kwenye milingoti. Siku ambazo meli hakuna alimwambia wazi kwamba leo ziko kofia tu, na Yoramu hakununua. Karanga zenyewe hakuzipenda. Alizila kwa sababu hakuona njia nyingine.

Picha alizibandika ukutani nyumbani, juu ya kitanda. Jioni alimwonyesha Raheli ipi ina eriali nzuri, ule waya wa juu, na ipi wenyewe wameipuuza.

"Hii wanakaa watu wangapi?" aliuliza Raheli.

"Mmoja. Na mkewe."

"Na vyumba vyote hivyo?"

"Vya watumishi."

"Basi ni kama kwa DC," alisema Raheli, akageukia ukutani kulala.

Meza ya kazi ya Yoramu ilikuwa kwenye kibaraza cha duka la Vithaldas, Mhindi aliyeuza mbao, misumari na rangi karibu na stesheni. Vithaldas alizaliwa hapa hapa Dodoma, akala vumbi lake kama sisi. Lakini baba yake alitoka Mandvi, mji wa pwani huko Kachi, Bara Hindi, na alimlea mwanawe kwa hadithi za vyombo mpaka mtoto akaamini kwamba yeye ni baharia aliyeshuka stesheni kimakosa. Alipokuwa mtu mzima mwenye mbao zake mwenyewe aliagiza ramani kutoka Ulaya, akaanza kuunda boti ya matanga nyuma ya duka. Si boti ya kuvulia samaki. Ilikuwa na chumba chenye vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, kabati, sinki, na ngazi ya kupandia kwenye sitaha. Aliiita Rukmavati, jina la mto wa kwao Mandvi. Mji uliiita kabati la Vithaldas.

Nia yake ilikuwa kuishusha Dar es Salaam kwa treni, kupanda nayo hadi Mombasa, na msimu ukiwa mzuri kwenda nayo Mandvi. Watu hawakumcheka mbele yake. Nyuma yake walicheka mpaka wakachoka, wakahamia mambo mengine, maana boti ilikaa juu ya magogo miaka mingi, kuku wakitaga chini yake.

Katika wote walioizunguka boti ile, aliyewahi kusafiri majini alikuwa mmoja tu, naye ni Kusum, mke wa Vithaldas. Aliletwa bibi harusi kutoka Mandvi kwa meli, na alitapika tangu Bombei mpaka Dar es Salaam. Aliposhuka aliapa kwamba bahari na yeye basi. Kwa hiyo mumewe alipokuwa akipiga randa, yeye alikuwa akipiga kimya, na kimya cha Kusum kilisikika mpaka barabarani.

Yoramu alipewa kazi ya umeme wote wa Rukmavati: taa nyekundu na ya kijani za ubavuni, dainamo ya kujaza betri, na redio nzuri ya masafa mafupi ya kusikilizia hali ya hewa na meli. Alifanya kazi ile kama mtu anayejenga nyumba yake. Eriali aliivuta kutoka kileleni mwa mlingoti, akaikaza, akaweka vikombe vya kaure. Ukabaki waya wa ardhi.

Ramani ilisema kitu kuhusu bamba la shaba, lakini ukurasa huo ulikuwa umeliwa na mchwa, na Yoramu hakuona sababu ya kusumbuka kwa jambo alilolifanya mara nyingi mno. Alishuka chumbani, akafunua ubao wa sakafuni, akatoboa tundu ubavuni chini kabisa, karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa boti. Alilitoboa kwa mteremko, nje chini, ndani juu, ili mvua isiingie. Akalizungushia mpira wa baiskeli. Akapitisha waya mpaka nje, akaufunga kwenye fimbo aliyoipiga uwanjani kati ya viota vya kuku, na kopo akalitundika kwenye msumari ndani ya chumba.

Vithaldas alikuja kukagua. Huyu ni mtu aliyepita kila mshono wa boti na kucha yake, akiusindilia pamba na lami, na kila alasiri aliilowesha boti nzima kwa magunia yaliyolowa maji ili mbao zisipasuke kwa jua. Alipiga magoti, akalitazama tundu mbele na nyuma, akatia kidole.

"Umelipa mteremko," alisema.

"Kwa ajili ya mvua."

"Vizuri sana."

Wakanywesha waya, wakawasha redio. Kuanzia siku hiyo jioni chumba cha Rukmavati kikawa kibaraza cha kusikilizia habari. Watu walipanda ngazi na viatu mkononi, karani wa stesheni, mwalimu wa misheni, hata bwana mmoja wa idara ya maji, na wote hao walifunuliwa ubao wakalitazama tundu lile, wakasema kazi safi. Dodoma nzima ililiona. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kila mmoja analo la namna hiyo nyumbani kwake.

Ilipokamilika, Kusum akasema. Alisema mara moja, dukani, mbele ya Yoramu, akipima misumari ya mteja.

"Iko bwawa jipya Hombolo. Peleka boti huko. Ikae majini kutwa moja, mimi nikiwa ndani. Jua likizama haijaingiza maji, twende zetu Mandvi. Ikiingiza maji, mimi nataka kabati la nguo, na habari ya bahari sitaki kuisikia tena nyumba hii."

Vithaldas alimwangalia mkewe kama mtu aliyeombwa kitu kidogo kuliko alivyotegemea. "Kutwa moja tu?"

"Kutwa moja."

Kisha akamgeukia Yoramu. "Fundi, jiandae. Wewe ndiye mtu wangu wa redio. Mombasa utaziona yoti hizo mpaka uzishike kwa mkono."

Yoramu hakulala vizuri tangu siku hiyo. Umri ulikuwa umemwendea, mvi zimeanza, na alijua kwamba bahari haitamjia Dodoma mara ya pili. Alimweleza Raheli. Raheli akamwuliza atakula nini huko, na Yoramu akajua kwamba amekubaliwa.

Boti ilikokotwa Hombolo nyuma ya lori la Tabu, dereva Mnyamwezi, mtani wa Wagogo wote na wa Yoramu hasa. Bwawa lile serikali ilikuwa imelimaliza juzi juzi, na maji mengi namna ile mahali pamoja wengi hawakuwa wameyazoea bado. Wafugaji waliacha ng'ombe wakinywa, wakaja kushika kamba.

"Mtani," Tabu aliita akiwa juu ya lori, "leo Wagogo mnaogeshwa? Na sabuni mmeleta?"

"Ninyi mababu zenu walibeba mizigo kichwani mpaka pwani," Yoramu akajibu. "Mngeibeba hii tusingehangaika na lori."

Kabla ya boti kushushwa, Yoramu aliufungua waya wa ardhi akauachia uning'inie nje kupitia tundu lake, ufike majini. Mpira wa baiskeli ulikuwa umekauka kwa jua ukapasukapasuka, lakini aliona unaweza kungoja mpaka Dar. Kopo alilijaza maji ya bomba kutoka mjini, yenye chumvi, akalitundika kwenye msumari wake, kwani hakuwa na hakika kama maji ya bwawa yatatosha. Vithaldas alitaka boti iingie majini redio ikiwa inasema. Yoramu akashuka chumbani, Vithaldas na Kusum wakabaki juu, kamba zikavutwa, na Rukmavati ikateleza kutoka kwenye magogo ikaingia majini bila kishindo.

Ikaelea. Kandokando ya bwawa watu walipiga vigelegele. Yoramu alisikia mbao zinanong'ona chini ya miguu yake, akasikia tanga linapanda, kisha boti ikainama kidogo kama mtu anayetega sikio, ikaanza kwenda.

Akawasha redio, na hapo akasahau kila kitu.

Maisha yake yote alikuwa amenywesha nyaya kwa kopo. Sasa waya wake ulikuwa ndani ya bwawa zima. Redio haikukoroma, haikupiga mluzi. Ilisema kama mtu aliyekaa kwenye kitanda cha pili. Alizungusha kitufe cha masafa kidogo kidogo, nchi zikapita moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa safi. Alipofika kwenye masafa ya meli akasikia sauti ya mwanamume akizungumza Kiingereza taratibu, akiita bandari ya Mombasa. Yoramu alikijua Kiingereza cha namna hiyo, cha jeshi. Yule bwana alisema chombo chake ni yoti, anaingia asubuhi, anaomba nafasi ya kufunga, na anaomba barafu. Bandari ikamjibu barafu kiasi gani. Akasema nyingi.

Yoramu akacheka peke yake kwa furaha. Yoti yenyewe, kwa sauti yake, inaagiza barafu! Ndipo akahisi baridi miguuni, na kwa muda kidogo akadhani ni hiyo barafu.

Alifunua ubao. Maji yalikuwa yanapanda kwenye tundu lake kuuzunguka waya, kwa utulivu, kama bomba la Kikuyu siku ya bahati. Alitazama mteremko alioutoboa, nje chini, ndani juu, akatazama mpira uliopasuka. Hapo ndipo kitu ambacho mji mzima haukukiona kilipomjia chote kwa pamoja, na akakaa chini.

Kuuvuta waya hakuweza, maana tundu lingebaki wazi zaidi. Kipande cha mti hakuwa nacho. Alikuja na bisibisi na risasi ya kulehemia. Alivua kiatu, akakunja leso yake, akaiweka juu ya tundu, akaikandamiza kwa kisigino kwa nguvu zote. Maji yakapungua yakawa ya kudondoka. Akiinua kisigino yanarudi. Ulikuwa mguu ule ule wa Mombasa, na hivyo ndivyo alivyoutia majini mara ya kwanza.

Alifikiri kuita. Neno moja tu lilitosha, na boti ingefika kando salama, na kesho yake Vithaldas angeleta msumeno. Aliona kabati. Aliliona kabisa, lina kioo mlangoni na sari za Kusum ndani. Akafunga mdomo, akakandamiza.

"Fundi!" Vithaldas aliita kutoka juu. "Njoo uone. Milima yote inaonekana kwenye maji."

"Redio inasema, Bwana," Yoramu akajibu.

"Iache iseme. Njoo uone ndege mwari wanavyoruka."

"Nakuja."

Hakwenda. Aliitwa aje aone tanga linavyojaa, akaitwa aje aone lori la Tabu lilivyo dogo kwa mbali, akaitwa kula. Kila mara alikuwa na jibu. Alikuwa mtu aliyengoja siku hii tangu vita, na siku yenyewe ilikuwa inapita juu ya kichwa chake kwa vishindo vya miguu ya watu wengine. Dirisha dogo la mviringo lilikuwa ng'ambo ya chumba, na hata akijinyoosha aliona kipande cha mbingu tu, sawa na mbingu ya Kikuyu. Alitaka sana kupanda. Mguu ulikufa ganzi, akausaidia kwa mkono.

Alasiri ikageuka. Kusum akashuka ngazi na kikombe cha chai na chapati mbili. Tangu asubuhi alikuwa amekaa juu ameshika kamba kwa mikono miwili, lakini hakutapika, na jambo hilo lilimshangaza mwenyewe. Aliona ubao umefunuliwa. Akaona kiatu kimoja kinaelea karibu na kitanda.

"Yoramu, unafanya nini?"

"Nasikiliza redio, mama."

Kusum alishuka ngazi moja zaidi. Alimtazama usoni, akatazama kisigino, akatazama waya. Yeye hakuhitaji kuelezwa.

"Nani alitoboa?"

"Mimi."

"Na Bwana aliona?"

"Aliona. Alisema vizuri sana."

"Tangu saa ngapi umekaa hivyo?"

"Tangu mwanzo, mama."

Kusum aligeuza uso kuelekea juu, akavuta pumzi kumwita mumewe. Yoramu aliinamisha kichwa. Hakumwomba, kwa sababu mama yule alikuwa na haki yake. Aliweka sharti mbele ya watu, na sharti lilikuwa linalowesha miguu.

Redio ilikuwa imeachwa kwenye stesheni moja ya Bara Hindi. Taarifa ikaisha, na mwanamke akaanza kuimba Kigujarati, wengine wakimpokea kwa makofi. Kusum alibaki amefungua mdomo. Ulikuwa wimbo wa wanawake wanaokwenda kisimani, mama yake aliuimba akichambua mchele, na tangu avuke bahari hakuwahi kuusikia ila kwa mbali, katikati ya mikoromo, kama sauti ya mtu aliyefungiwa ndani ya gunia. Sasa ulikuwa wazi. Alisikia mpaka bangili za wale wanawake zikigongana.

Alikaa kwenye ngazi, akapandisha miguu isiloe.

"Ukitoa waya," aliuliza polepole, "itanyamaza?"

"Itanyamaza, mama."

"Usitoe."

Wakakaa hivyo, fundi na kisigino chake, mama na kikombe cha chai kilichopoa mkononi. Alilia kidogo bila kujificha, akajifuta kwa ncha ya sari. Ubeti ukafuata ubeti. Wanawake walikuwa wameshafika kisimani na kujaza mitungi, bado kurudi, pale Vithaldas alipopiga ukelele wa furaha huko juu kwamba jua limezama, na Rukmavati ikapanda mchangani. Wafugaji wakavuta kamba, waya ukatoka majini, na redio ikakata.

Boti ilipotoka yote nchi kavu, Yoramu aliondoa kisigino, akapanda ngazi, akashuka nje. Tundu lake lilikuwa limetobolewa vizuri, kwa mteremko, nje chini, na maji yote ya chumbani yakafuata mteremko huo yakatoka nje kwa mstari mmoja mzuri mbele ya kila mtu.

Tabu aliinama akatazama. "Mtani," alisema, "kabati lenu linakojoa."

Watu wakakusanyika. Vithaldas alishuka mbio, furaha bado iko usoni, akayaona maji, akasimama.

"Haya maji ya nini?"

Yoramu alifungua mdomo. Kusum alikuwa amesimama kwenye sitaha, mkononi ameshika kopo.

"Mimi nimemwagilia redio," alisema.

Ng'ombe mmoja alipiga chafya.

"Umemwagilia redio," alisema Vithaldas.

"Waya ulikuwa mkavu."

Vithaldas alilitazama bwawa, akalitazama tundu, akalitazama kopo, mwisho akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Maji yaliendelea kutoka.

"Umefanya vizuri," alisema. "Ardhi ya huku ni kavu sana."

Wafugaji waliitikia kwa vichwa, maana hilo kila mtu analijua. Tabu peke yake alitaka kusema neno, Yoramu akamkanyaga kwa mguu wenye kiatu.

Baadaye, watu walipokuwa wakifunga kamba za kuirudisha boti nyuma ya lori, Yoramu alikaa chini pembeni akikamua soksi. Kisigino kilikuwa kimenyauka, cheupe kama cha mzungu. Kusum akaja akamwekea kopo karibu.

"Wimbo haukuisha," alisema.

"Haukuisha, mama. Pole."

"Mwisho wake nimesahau. Mandvi wanaujua." Aliangalia boti, si kwa mapenzi, lakini aliiangalia. "Lile tundu mlizibe."

"Tutaliziba, mama."

"Kwa shaba. Si kwa mpira wa baiskeli."

"Kwa shaba."

Alianza kwenda kwenye lori, sari ameishika juu kidogo kwa sababu ya matope. Kisha akasimama, akageuka.

"Na wewe, Yoramu," alisema, "safari hii utakaa juu."